Nundu ya kidole gumba: Waweza kupata nafuu bila kisu

Huenda umeiona kwenye mguu wa mama yako au wa jirani, au unayo wewe mwenyewe: nundu ngumu iliyochomoza kando ya mguu, kwenye shina la kidole gumba, huku kidole chenyewe kikiegemea wenzake. Jioni, baada ya kutwa nzima ndani ya viatu, mahali hapo hufura, hupata joto na kuuma. Madaktari huiita hali hii halaksi valgasi. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na wengi wanaokuja kwetu huwa na swali moja: Je, daktari, kuna dawa ya kuiondoa bila kupasuliwa?

Jibu ni kwamba dawa ya kuiondoa nundu haipo. Lakini maumivu yake, kwa watu wengi, yanaweza kupungua sana au hata kwisha bila kisu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na anayeyachanganya huishia kutumia pesa nyingi kununua vitu visivyomfaa.

Nundu hii ni nini?

Wengi hudhani ni nyama au mfupa mpya uliomea. Sivyo. Nyuma ya kidole gumba kuna mfupa mrefu wa wayo unaokibeba. Kiungo kinapolegea, mfupa huo husogea polepole kuelekea mguu wa pili, nacho kidole hupinda upande mwingine, kuelekea vidole vidogo. Hapo hutokea kona, na kichwa cha mfupa hubaki kimejitokeza. Kati ya kichwa hicho na ngozi kuna kifuko kidogo chenye majimaji. Kiatu kinapokisugua kila siku, kifuko hufura na kuuma.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini hakuna mafuta ya kupaka wala dawa ya kunywa iwezayo kuurudisha mfupa mahali pake. Utaona pia hatari ya kuichonga nundu kwa wembe. Unachokata ni ngozi yako mwenyewe, na chini yake kuna kiungo. Viini vya ugonjwa vikiingia humo, utakuwa umejitafutia balaa kubwa kuliko ile uliyokuwa ukiikimbia.

Chanzo chake

Umbo la mguu hurithiwa. Ikiwa nyanya na mama walikuwa na nundu, binti naye yumo hatarini. Wenye viungo vilivyolegea tangu kuzaliwa na wenye baridi yabisi huipata pia. Lakini kiatu kina sehemu yake. Mwaka wa 1958, madaktari Lam Sim-Fook na A. R. Hodgson walichapisha uchunguzi walioufanya Hong Kong. Waliilinganisha miguu ya watu waliovaa viatu na ya wale waliotembea miguu mitupu. Miongoni mwa wavaaji viatu, 33 katika kila 100 walikuwa na kidole gumba kilichopinda kwa kiasi fulani. Miongoni mwa waliotembea miguu mitupu, hawakufika hata 2 katika kila 100.

Sisemi tuvitupe viatu, kwani pekupeku ina funza, misumari na pepopunda. Nasema tuchague kiatu kinachoufuata mguu, badala ya kuulazimisha mguu ukifuate kiatu.

Anza na kiatu

Fanya jaribio hili leo jioni. Simama juu ya karatasi bila viatu, mwambie mtu auchore mguu wako kwa kalamu, kisha weka kiatu chako juu ya mchoro. Mchoro ukitokeza nje ya kiatu, umempata adui yako.

Kiatu kinachofaa kina nafasi pana mbele, vidole viweze kucheza. Hakijachongoka. Kisigino chake ni kifupi, kwa sababu mchuchumio huusukuma uzito wote wa mwili mbele na kuvibana vidole. Ngozi yake ni laini na haina mshono unaopita juu ya nundu. Kina kamba au kifungo cha kuushika mguu usiteleze mbele. Nunua viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uvijaribu ukiwa umesimama. Pawepo nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono kati ya kidole chako kirefu zaidi cha mguu na ncha ya kiatu.

Kwa anayenunua mitumba Gikomba au Kongowea, neno moja zaidi: Kiatu kilichovaliwa sana kimekwisha kulifuata umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Ipime soli kwa macho. Ikiwa imelika upande mmoja, kiache.

Kiatu ulicho nacho, kikiwa cha ngozi, kipeleke kwa fundi wa viatu akinyooshe pale inapokaa nundu. Gharama yake ni ndogo na nafuu huonekana mapema. Ikiwa kazini mnalazimishwa kuvaa mchuchumio, vaa viatu vya chini njiani na uvibadilishe ukifika. Pia zungumza na mkubwa wako wa kazi. Adhabu ya kaburi, aijuaye maiti. Usipomweleza, hatajua unavyoteseka.

Mambo mengine yanayosaidia

Kwanza, kinga nundu isisuguliwe. Maduka ya dawa huuza vipande laini vya kuizunguka. Hakikisha kiatu kina nafasi ya kutosha, maana kipande ndani ya kiatu chembamba huongeza kubana.

Pili, inapofura, funga barafu kwa kitambaa na uiweke hapo kwa dakika 5 hivi, kisha upumzike mguu ukiwa umeinuliwa. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi.

Tatu, dawa za maumivu. Paracetamol inatosha kwa wengi. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Ibuprofen hupunguza uvimbe pia, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu, na mama mjamzito, asiinunue kabla ya kumuuliza daktari.

Nne, mazoezi. Ukiwa umeketi, tandaza taulo sakafuni uikunje kwa vidole vya mguu, kisha jaribu kuvitanua vidole viachane. Misuli itapata nguvu na kiungo hakitakakamaa, ingawa kidole hakitanyooka.

Tano, mwenye uzito uliozidi akiupunguza, miguu itamshukuru.

Vipi kuhusu vifaa vya kunyoosha kidole vinavyovaliwa usiku? Kwa mtu mzima, hakuna ushahidi thabiti kwamba vinairudisha mifupa mahali pake. Kipande laini cha kutenganisha vidole chaweza kukupa starehe, nawe ukitumie ukijua hivyo. Soli maalumu za ndani zimechunguzwa kwa makini zaidi. Nchini Finland, wagonjwa 209 waligawanywa katika makundi matatu: waliopasuliwa, waliopewa soli, na walioachwa wasubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2001. Baada ya miezi 6, wenye soli walikuwa wamepata nafuu kuliko waliosubiri. Baada ya mwaka mmoja, tofauti hiyo ilikuwa imetoweka, na waliopasuliwa ndio waliokuwa na hali bora. Kwa hivyo, kabla ya kununua soli ghali, jiulize kwanza kama pesa hizo hazingekununulia viatu vinavyokutosha.

Wakati wa kumwona daktari

Mwenye ugonjwa wa kisukari asijitibu nundu nyumbani. Kisukari huua hisia za miguu, hivyo kiatu chaweza kumtoboa asijue, na kidonda kidogo kikaishia kwa kukatwa mguu. Atazame miguu yake kila siku, pamoja na nyayo, na akiona lengelenge au mchubuko juu ya nundu, aende kliniki siku hiyo hiyo.

Pia, kiungo cha kidole gumba kikifura ghafla usiku, kikawa moto na kuuma hata shuka ikikigusa, huenda si nundu bali ni jongo, yaani gauti, na matibabu yake ni tofauti. Na ikiwa kuna usaha, homa au kidonda, usingoje.

Kisu nacho kina nafasi yake. Ikiwa umebadilisha viatu na kufuata mashauri haya kwa miezi kadhaa, na bado maumivu yanakuzuia kufanya kazi au kutembea, mwombe daktari wako akutume kwa mtaalamu wa mifupa. Usipasuliwe kwa ajili ya urembo tu. Mguu huchukua majuma kadhaa kabla ya kuvaa kiatu cha kawaida, uvimbe huweza kuendelea kwa miezi, na nundu huweza kurudi, hasa ukivirudia viatu vilevile.

Mwisho, watazame watoto. Miguu yao hukua upesi kuliko viatu vyao. Kila mwanzo wa muhula, bonyeza ncha ya kiatu cha shule uone kidole kimefika wapi. Ikiwa kimegusa ncha, kiatu hicho kimekwisha kazi, hata kama bado kinang'aa.