Kabla hujalipa kodi, chungulia nyuma ya ukuta

Unasaka keja Nyeri, Karatina au Nanyuki? Usiulize maji na wifi tu. Uliza pia yadi iliyo jirani ni ya nini.

Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ya kupikia ililipuka Embakasi, Nairobi. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, wengine wakiwa nyumbani kwao. Mamlaka ya nishati, EPRA, ilisema mwaka 2023 ilikataa mara tatu maombi ya kujenga kituo hapo: umbali wa usalama haukutosha, na makazi yalisongamana. Mwongozo ulikuwepo, lakini gesi ilikuwepo pia.

Basi ukiona malori ya gesi yakipakua kando ya ploti yenu, usinyamaze. Ripoti kwa EPRA au NEMA. Ukinusa gesi, usiwashe taa wala kiberiti: amsha majirani, tokeni mbali.

Keja nyingine utapata. Ngozi, je?