Toa tusi kwanza, tuone ngoma imebaki na nini

Hebu jiweke hapa. Uko ndani ya matatu ya Nairobi kuja Garissa, mshapita Mwingi, spika ziko juu. Kando yako amekaa mama wa makamo na bintiye. Mara msanii anatupa tusi zito. Utacheka, ama utaangalia dirishani kama hujasikia?

Wengi wetu tungeangalia dirishani. Lakini tukifika nyumbani tunaitafuta ngoma ileile kwenye simu. Kwa hiyo tusidanganyane.

Chukua mwaka wa 2019. "Wamlambez" ya Sailors haikuhitaji tusi la wazi. Kila mtu alijua inasema nini. Ezekiel Mutua, wakati huo akiwa mkuu wa bodi ya filamu KFCB, akataka ichezwe kwa klabu na baa tu. Si hata watoto walikuwa wanaiitikia mtaani? Tanzania nako BASATA ilifungia "Mwanza" ya Rayvanny na Diamond mwaka wa 2018, na kila mtu akataka kujua kuna nini humo. Marufuku ni tangazo la bure.

Novemba 2019 ilikuja "Tarimbo" ya Ethic. Hapo watu hawakukasirishwa na neno chafu. Walikasirika kwa sababu ilifanya ubakaji uonekane mchezo, na ikaondolewa YouTube. Unaona tofauti? Neno chafu linaudhi sikio. Mstari kama ule unamuumiza dada yako.

Sasa rudi nyuma karibu miaka mia. Siti binti Saad wa Zanzibar aliimba "Kijiti", kisa cha mwanamke aliyebakwa na kuuawa, muuaji akatoroka, adhabu ikawaangukia mashahidi. Siti aliipiga mahakama ya wakoloni kwa kusimulia tu yaliyotokea.

Na sisi wa huku? Mshairi wa Kisomali hubanwa na sheria ngumu: sauti moja ya mwanzo lazima irudi mstari baada ya mstari. Kwa nidhamu hiyo watu wamesemana vikali tangu zamani. Waayaha Cusub wa Eastleigh walirap dhidi ya Al-Shabaab, na mwanzilishi wao, Shiine Akhyaar Ali, alipigwa risasi mwaka wa 2007. Hakunyamaza. Ukitaka kujua ngoma kali ni gani, ni ile inayomkosesha usingizi mwenye bunduki.

Najua utasema, "Lakini nina hasira." Uko sawa. Kijana wa Garissa aliyezungushwa miaka akitafuta kitambulisho, kisha akashushwa kwenye gari kwa sababu hana, ana haki ya kuwaka. Shida ni kwamba ukimtukana askari mistari mitatu, msikilizaji atabeba tusi na kusahau kitambulisho. Halafu redio itakukata, na yule mama wa matatu, ambaye mwanawe pia alizungushwa, hatakusikia kamwe.

Basi fanya hivi. Andika ngoma yako, kisha toa matusi yote. Ikianguka, haikuwa na kitu. Ikisimama, hukuyahitaji. Na kama kuna neno moja ambalo ukilitoa ukweli wenyewe unatoka nalo, liache, ulipie gharama yake ukijua ulilipia nini.