Lamu Ina Maziwa Yake Mtini

Jikoni Lamu, maziwa ya mmea si habari mpya. Nazi huvunjwa, ikakunwa kwenye mbuzi, ikakamuliwa kwa kifumbu, na lile tui la kwanza, zito, likawekwa kando mpaka mchuzi wa samaki ukaribie kuiva. Wali, mbaazi na viazi vyote hulisubiri. Basi wito wa kuacha maziwa ya ng'ombe ili kunusuru mazingira unapofika hapa, swali la biashara ni hili: tui linamlipa nani?

Wito wenyewe una hoja. Utafiti wa Joseph Poore na Thomas Nemecek, wa mwaka 2018, ulikadiria kwamba lita moja ya maziwa ya ng'ombe, kwa wastani wa dunia, hutoa gesijoto kama kilo 3, na ya soya kilo 1 hivi. Maji ni lita 628 kwa 28. Ila sioni faida ya Mwamu kununua pakiti ya maziwa ya lozi kutoka ng'ambo, iliyovushwa kwa boti kutoka Mokowe, hali minazi imesimama shambani.

Mnazi hauna cha kutupwa: makuti ni paa, kumbi ni kamba na kuni, machicha ni chakula cha kuku. Shida ni kwamba minazi mingi ya pwani imezeeka, wadudu waitwao chonga wanaitoboa, na mche wa mnazi mrefu huchukua miaka 6 au zaidi kuzaa. Mkulima asiye na akiba hawezi kungoja. Huuza nazi nzima kwa dalali, na thamani ya tui huongezwa kwingine. Mamlaka ya kuendeleza minazi iliyoundwa 2007 ilikuja kumezwa na Mamlaka ya Kilimo na Chakula, ambako mnazi unagombea nafasi na mazao mengine mengi.

Tui nalo lina mipaka. Kwenye joto huchacha siku hiyo hiyo, na protini na kalisi yake ni kidogo. Mtoto mchanga asinyweshwe badala ya maziwa. Wala wafugaji Waorma wa Witu wasiambiwe waache ng'ombe wao.

Serikali ya kaunti na vyama vya ushirika vianze na miche, na chumba kimoja cha baridi cha kuhifadhia tui. Mche wa mnazi mrefu utakaopandwa masika haya hautazaa kabla ya miaka 6.