Neno na Jirani Zake: Kujifunza Kiingereza kwa Mifano Halisi

Mwanafunzi wa Mwanza aliyemaliza darasa la saba kwa Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, kwa kawaida hupewa orodha ndefu ya maneno ya kukariri, ilhali kinachomkwamisha anapoandika si maana ya neno moja moja bali ni kutojua neno lipi huandamana na lipi. Kiswahili nacho kina mazoea ya namna hiyo, kwani simu hupigwa na picha hupigwa, wala hakuna kanuni ya sarufi inayolazimisha kitenzi kiwe hicho. Kiingereza kwa upande wake husema “make a call” na “take a photo”, na anayetafsiri neno kwa neno hupotea papo hapo.

Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alisisitiza katika miaka ya 1950 kwamba sehemu ya maana ya neno hutokana na maneno yanayolizunguka. John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham aliliendeleza wazo hilo katika kamusi ya COBUILD ya mwaka 1987, iliyojengwa juu ya kopasi, yaani mkusanyo mkubwa wa matini halisi uliohifadhiwa katika kompyuta ili watafiti waone jinsi watu wanavyoandika na kusema kweli. Afrika Mashariki haikuachwa nyuma, kwa kuwa Josef Schmied na wenzake walikusanya Kiingereza cha Kenya na Tanzania cha miaka ya 1990 kwa ajili ya Kopasi ya Kimataifa ya Kiingereza.

Hata pasipo kompyuta, njia hiyo inawezekana kando ya ziwa, ambako taarifa za uvuvi huandikwa sana kwa Kiingereza, zikiwemo za Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao yake Jinja. Wanafunzi wakinakili sentensi zenye “fishing gear”, yaani zana za uvuvi, na kuzipanga mstari chini ya mstari, maneno hayo yakiwa katikati ya kila mstari, wataona upande wa kushoto yakijirudia “illegal”, “destructive” na “seized”, na hivyo kirai, yaani kundi la maneno linalofanya kazi moja katika sentensi, kitawaingia kikiwa kizima. Watakutana pia na “gears”, wingi ambao kamusi nyingi za kawaida haziutarajii lakini ambao wataalamu wa uvuvi huutumia wanapotaja aina mbalimbali za zana. Mwalimu anayeukata kwa kalamu nyekundu bila kuuliza umetoka wapi humnyima mwanafunzi wake elimu iliyo bora kuliko sahihisho lenyewe.

Tahadhari moja ni ya lazima: kirai kilichoonekana mara moja, kwa mwandishi mmoja, chaweza kuwa kosa lake tu, kwa hiyo mifano sharti itoke kwa waandishi kadhaa, magazetini na vitabuni, kabla mwanafunzi hajakiingiza katika insha yake.