Maumivu ya Mgongo: Si Kila Mara ni Uzee

Katika vilima vya Taita, mwanamke aliyebeba maji na kuni tangu usichana wake hashangai mgongo ukimuuma. Hukandwa, hununua vidonge dukani, na akishindwa kurukuu huswali ameketi, akisema ni umri. Mara nyingi ni kweli. Lakini yapo maumivu ya mifupa ambayo chanzo chake ni saratani ya damu.

Ndani ya mifupa mna uboho, ambamo damu hutengenezwa. Saratani iitwayo mayeloma huanzia humo, katika chembe ambazo kazi yake ya asili ni kuukinga mwili. Zinapozidi mpaka, huzichochea chembe zinazomeng'enya mfupa na kuzizuia zile zinazoujenga. Mfupa hutoboka, hata pingili ya mgongo ikabonyea kwa kuinua ndoo tu. Kalisi ya mfupani humwagika katika damu, mgonjwa akaona kiu na kufunga choo. Damu nayo hupungua, akachoka bila kazi.

Kipo kipimo chepesi kinachotoa ishara. Damu hutiwa katika mrija mwembamba, na baada ya saa moja hutazamwa chembe nyekundu zimezama kiasi gani. Protini zikizidi, chembe hushikamana na kuzama upesi. Kwa baadhi ya wenye mayeloma hupita milimita 100. Hata hivyo, kifua kikuu cha uti wa mgongo pia hukipandisha kipimo hiki, na wapo wenye mayeloma ambao chao ni cha kawaida. Kwa hiyo daktari huongeza eksirei, vipimo vya protini katika damu na mkojo, na kipimo cha uboho.

Maumivu yakidumu wiki kadhaa, yakaandamana na uchovu au kukonda, mpelekeni mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi. Akielekezwa Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, msiiahirishe safari. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukishindwa kuzuilika, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Diklofenaki na ibuprofeni zisitumiwe bila ushauri wa daktari, kwani huziumiza figo ambazo ugonjwa umekwisha kuzielemea. Ramadhani ikifika, mgonjwa akumbuke kuwa sharia imempa ruhusa ya kula, na figo zake zahitaji maji.

Mama zetu wamezoea kuuguza wengine na kuyanyamazia yao. Muulizeni leo: mgongo umeanza kuuma lini?