Redio ya Ridhaa na Leseni Yake

Leo twazungumza habari za waendeshaji wa redio ya ridhaa. Hao si watangazaji, wala hawapati mshahara. Ni watu waliojifunza kupeleka na kupokea habari kwa simu ya upepo, kila mmoja kwa chombo chake, kwa kuipenda elimu hiyo tu.

Je, yatufaa nini? Kumbukeni gharika ya Kilosa. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, maelfu ya watu wakakosa makazi, na reli ya kati ikakatika. Siku kama hizo hata minara ya simu huweza kunyamaza. Lakini mwenye redio, betri ya motokaa, na waya wa mita 20 uliotundikwa mitini, aweza kusema na watu wa mbali.

Huenda mtu akauliza: “Sauti itavukaje vilima vilivyo baina ya Kilosa na Mikumi?” Mawimbi mafupi sana huenda moja kwa moja kama mwanga wa kurunzi, na kilima huyazuia. Bali mawimbi ya mita 40 yakipelekwa juu wakati wa mchana, hufika katika tabaka la anga lenye chembe za umeme, kilomita zipatazo 300 juu yetu, kisha hurudi chini ng'ambo ya vilima, kama mpira uliogonga dari.

Hata hivyo, anga si shamba lisilo mwenyewe. Atakaye kupeleka sauti hana budi kuomba leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa mwaka 2003. Tena yampasa kujua mambo matatu: umeme, asijidhuru wala kuwasumbua majirani; masafa aliyoruhusiwa; na sheria, kwamba hafanyi biashara hewani wala hasemi kwa maneno ya fumbo. Zamani mataifa yalidai pia alama za Morse kwa mawimbi ya mbali. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2003.

Akikubaliwa hupewa jina la hewani. Enzi ya Tanganyika lilianza na VQ3. Siku hizi huanza na 5H, na alisikiaye popote duniani hujua kuwa msemaji yuko Tanzania.

Basi, vijana, shikeni hesabu na sayansi tangu sasa. Kuogelea hakujifunzwi siku ya gharika.