Barua Moja Haitoshi Kumjua Tapeli

Majani ya chai yanayochumwa Mogogosiek, kaunti ya Bomet nchini Kenya, husindikwa kiwandani kisha hupelekwa kwenye mnada wa Mombasa, wanakonunua wafanyabiashara wanaouza hadi Pakistani, Misri na Uingereza. Biashara hiyo huendeshwa kwa barua pepe: ankara, hati za mizigo, nambari za akaunti. Tapeli akibadilisha nambari moja ya akaunti, fedha zimekwenda, na bonasi ya mkulima imepungua.

Kumzuia mtumaji mmoja hakusaidii sana, kwani kesho atarudi na jina jingine. Kanuni za kutuma barua pepe alizoandika Jon Postel mwaka 1982 hazikumtaka mtumaji athibitishe yeye ni nani.

Kinachomfichua ni wingi wa barua zake. Huduma ya Google Takeout, kwa mfano, hukuwezesha kupakua kikasha kizima cha Gmail kama faili la mbox. Programu fupi ya Python hulisoma na kukupa jedwali: tarehe, jina la mtumaji, anwani ya kujibiwa, kikoa (sehemu ya anwani iliyo baada ya alama ya @) na seva ilikopitia barua. Kila seva huandika mstari wake juu ya mistari iliyotangulia. Amini ule wa seva yako, maana mistari iliyo chini yake huweza kughushiwa.

Ongeza matokeo ya uthibitisho. SPF huonyesha kama kikoa kimeiruhusu seva iliyotuma. DKIM hukagua sahihi ya kidijitali. DMARC humwezesha mwenye kikoa kuagiza barua zilizofeli zikataliwe.

Sasa panga jedwali kwa seva. Majina yaliyoonekana tofauti huenda yakatokea mlango mmoja. Kisha lipange kwa kikoa: kile kinachotofautiana na cha mteja wako kwa herufi moja mara nyingi kitakaa karibu nacho. Hicho ndicho hatari zaidi, kwa kuwa tapeli anakimiliki kihalali na barua zake huweza kufaulu uthibitisho wote. Kizuie kikoa chote. Usizuie ovyo anwani ya IP ya kampuni kubwa ya barua, kwani wateja wema wengi huitumia pia.

Faili hilo lina siri za watu, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka zilindwe. Lifunge kwa nywila, na ulifute kazi ikiisha.

Karani yeyote mwenye kompyuta anaweza kujifunza kazi hii. Ofisi zinazoshika fedha za wakulima ziifanye mara kwa mara, na akaunti ya malipo isibadilishwe kabla ya kumpigia mteja kwa nambari ya simu iliyojulikana tangu awali.